Rangi za macho na joto la Pwani: angalia mng'ao kabla ya kuangalia rangi

Paleti za rangi za macho siku hizi hazikosekani Pwani. Ziko kwenye maduka ya vipodozi katikati ya Mombasa, ziko kwenye meza za Kongowea, ziko kwenye mikoba ya akina dada wanaouza nyumba kwa nyumba Malindi na Ukunda. Ramadhani ikiisha na harusi zikianza kufuatana, picha zake hujaa kwenye simu. Bei hazilingani hata kidogo, lakini malalamiko yanalingana: rangi iliyowaka kwenye boksi imekuwa majivu kwenye ukope, imejikusanya kwenye mkunjo kabla bibi harusi hajatolewa, jicho limeamka jekundu kesho yake.

Malalamiko hayo matatu yana sababu zinazojulikana. Mawili ya kwanza hutokana zaidi na mng'ao wa rangi, ngozi inayopakwa na hewa yetu ya Pwani kuliko bei au jina la kampuni. La tatu ni la usafi na la kujua ulichonunua.

Kwa kuelewana: tunaposema rangi ya macho tunamaanisha unga au krimu ya kupaka juu ya ukope hadi karibu na nyusi, ile ambayo wapambaji huiita aishado. Wanja, unaokaa kwenye ukingo wa jicho, una sehemu yake mwishoni, na mwenye mtoto mchanga nyumbani asiiruke.

Kilichomo ndani ya paleti

Geuza paleti usome mgongo wake. Majina hujirudia: talki, maika, oksidi za chuma, titani dioksaidi. Talki ni unga mweupe laini unaojaza nafasi na kuifanya rangi iteleze. Oksidi za chuma ni ndugu za kutu, ila zimetengenezwa kiwandani zikiwa safi. Hizo ndizo zinazotoa kahawia, nyekundu ya matofali, manjano na nyeusi. Kwenye orodha huandikwa kwa nambari, CI 77491, 77492 na 77499. Titani dioksaidi ni nyeupe. Maika ni yale madini ambayo Kiswahili huyaita ulanga, vipande vyembamba mno vinavyorudisha mwanga. Ulanga ukifunikwa kwa utando wa titani dioksaidi unameremeta, na unene wa utando huo ndio unaoamua kama mng'ao utaonekana wa dhahabu, waridi, samawati au kijani. Mafuta kidogo na vishikizo huvikamata vyote pamoja visimwagike.

Ukilijua hilo, mengi yanafunguka. Rangi isiyong'aa ikiwa ya bei rahisi, mara nyingi ni talki nyingi na rangi kidogo. Kwenye ngozi nyeupe weupe wa talki haujulikani. Kwenye ngozi ya maji ya kunde au nyeusi unajitokeza mara moja, na huo ndio ule ukungu wa kijivu ambao watu hudhani ni kosa la ngozi yao. Rangi inayong'aa ni kisa kingine, kwa sababu hubebwa na mwanga. Hata paleti ya bei ya chini huwa na rangi mbili tatu za kung'aa zinazotoka vizuri kabisa.

Kwa hivyo paleti ipimwe kwa rangi zake zisizong'aa. Zile za kumeremeta zitakudanganya, maana kila moja huonekana nzuri dukani. Gusa ile ya kahawia isiyong'aa kwa kidole kimoja, ipake mara moja tu upande wa ndani wa mkono, kisha toka mlangoni uiangalie kwa mwanga wa jua. Ikionekana kama chaki, itakuwa chaki kwenye jicho pia. Ikihitaji kusuguliwa mara nne ndipo ionekane, irudishe. Lakini usithubutu kuipaka jichoni kutoka kwenye paleti ya majaribio ya dukani, ambayo vidole vya mji mzima vimepita.

Mng'ao una kazi yake

Wapambaji hutaja aina nyingi, ila za kujua ni nne.

Isiyong'aa kabisa hunyonya mwanga. Mahali ilipopakwa huonekana pamerudi nyuma, na ndiyo maana hutumika kwenye mkunjo wa ukope na kwenye pembe ya nje. Inaficha mikunjo midogo ya ngozi. Ndiyo ngumu kuliko zote kupaka, kwa sababu mstari wake usipochanganywa huonekana kama alama ya kalamu.

Ya hariri ina mng'ao mdogo wa upole, kama ngozi iliyopakwa mafuta kidogo. Kwa maoni yetu hii ndiyo ambayo watu wengi wangeanza nayo na ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, kwa sababu kwenye boksi haina kelele. Mama wa miaka 50 ambaye ukope wake umeanza kulegea, anayetaka kwenda harusini bila kuonekana amejipamba kupita kiasi, anaihitaji hii. Mwalimu anayekwenda kazini asubuhi pia.

Ya kumeremeta, pamoja na ile nzito inayofanana na shaba iliyosuguliwa, hurudisha mwanga na kuleta mbele kila ilichogusa. Ikiwekwa katikati ya ukope, jicho linafunguka. Ikiwekwa kwenye ngozi yenye mikunjo, inaihesabu mikunjo yote hadharani. Ikipandishwa mpaka chini ya nyusi, uso mzima unaonekana umetoka jasho, na Pwani hatuhitaji msaada katika hilo.

Ya mwisho ni vimetameta, vile vipande vikubwa vinavyoonekana kimoja kimoja kwa macho. Vingi ni plastiki iliyokatwa. Vilivyotengenezwa kwa ajili ya uso hukatwa vidogo na pembe zake si kali. Vile vya kupambia kadi na kazi za shule vinaweza kukwaruza mboni. Tofauti hiyo haionekani ukiwa umevishika mkononi, kwa hivyo kikopo kisichosema kwamba ni cha macho kisifike machoni.

Jicho zuri kwa kawaida lina aina mbili za mng'ao: isiyong'aa kwenye mkunjo na pembe ya nje, na inayometa au ya hariri kwenye ukope wenyewe. Ukipaka kila mahali inayometa, jicho linakosa umbo. Ukipaka kila mahali isiyong'aa, linakuwa zito na picha inakuwa kama imepigwa kwenye kivuli. Mpangilio huo ukikaa sawa, unaweza kubadilisha rangi utakavyo na jicho bado likapendeza.

Rangi ipi kwa ngozi ipi

Ushauri mwingi wa mitandaoni unakwambia uangalie mishipa ya mkononi: ikiwa ya kijani, ngozi yako ni ya joto, ikiwa ya buluu, ni ya baridi. Kwa wengi wetu mishipa yenyewe haionekani. Tumia leso. Simama karibu na dirisha bila kujipamba, jifunike begani leso yenye nyekundu ya matofali, chungwa au manjano ya bizari, kisha uibadilishe na yenye buluu, pinki au urujuani. Moja itaufanya uso uonekane umepumzika, nyingine itauchosha. Waliopendezwa na ya kwanza, ngozi yao inaelekea kwenye manjano na dhahabu. Waliopendezwa na ya pili, inaelekea kwenye wekundu na buluu. Asiyeona tofauti yuko katikati, naye ana bahati, avae atakacho.

Kosa kubwa liko kwenye ile rangi inayoitwa ya kuanzia, ile ya kupitisha kwenye mkunjo kabla ya nyingine. Paleti nyingi kutoka nje hukupa hudhurungi hafifu kama mchanga. Kwa mwenye ngozi nyeupe hicho ni kivuli. Kwa mwenye ngozi ya kahawia iliyokoza ama hakionekani ama kinakuwa vumbi. Rangi yako ya kuanzia inatakiwa iwe imekoza kuliko ngozi yako kwa hatua moja au mbili, na iwe na wekundu au uchungwa ndani yake: rangi ya kigae, ya mdalasini, ya ukwaju ulioiva. Ngozi nyeusi sana inapokea vizuri rangi ya chungwa iliyoungua. Kwenye kidude inatisha, kwenye ukope inatulia na kuwa joto tupu.

Kwenye ukope wenyewe, shaba na dhahabu nzito ni marafiki wa karibu kila ngozi ya Pwani. Ile rangi ya kumeta inayokaribia weupe, ambayo huuzwa kama ya kila mtu, kwenye ngozi nyeusi hugeuka fedha ya kijivu. Ukiipenda, itie tone tu kwenye pembe ya ndani ya jicho. Damu ya mzee, zambarau, kijani cha majani ya mwembe na nili hupendeza kuliko watu wanavyodhani, mradi zisiwe zimechanganywa na weupe. Samawati hafifu na pinki ya watoto ndizo hugeuka chaki haraka, kwa sababu hupatikana kwa kuongeza nyeupe nyingi.

Kuna njia ya zamani ya kuzifanya rangi nzito zitoke kama zilivyo: weka chini yake kitu cheusi au kahawia iliyokoza. Penseli laini ya krimu, ikisambazwa kwa kidole kuwa utando mwembamba, halafu kijani au zambarau inayometa juu yake. Msingi mweusi humeza mwanga usiohitajika na kuacha mng'ao peke yake. Msingi mweupe hufanya rangi ipige kelele, na kwenye ngozi nyeusi ukingo wake huonekana.

Juu ya kulinganisha rangi na nguo, tusipoteze muda mwingi. Gauni la kijani halidai macho ya kijani. Dhahabu au shaba na kahawia nzuri vitakaa na dera lolote utakalotoka nalo Biashara Street.

Umbo la jicho nalo lina neno. Jicho ambalo ukope wake unafunikwa na ngozi ya juu linapofunguka linameza kila ulichopaka. Dawa yake ni kupaka ukiwa umefungua jicho na unatazama kioo mbele yako, ukiweka rangi ya mkunjo juu kidogo ya mkunjo halisi ili ionekane. Jicho lililotokeza linapenda rangi ya wastani isiyong'aa kwenye ukope. Lililozama ndani linapenda mwanga kwenye ukope na giza kidogo tu nje.

Kupaka kwenye hewa ya chumvi

Rangi hujikusanya kwenye mkunjo kwa sababu ukope hutoa mafuta na jasho, na vishikizo vya rangi huyeyuka ndani yake. Jicho likifumba na kufumbua maelfu ya mara kwa siku, rangi iliyolegea inasukumwa hadi mahali ngozi inapokunjika na kukaa hapo kama mstari. Mombasa na Lamu hali ni mbaya kuliko Nairobi kwa sababu hewa yenyewe imejaa unyevu, na jasho halikauki haraka. Mwezi wa tatu, kabla mvua za masika hazijaanza, hata paleti ya bei ghali hushindwa ikiwekwa kwenye ukope mtupu.

Kwa hivyo kazi huanza kabla ya rangi. Nawa uso, ukaushe kwa kupapasa, usipake mafuta mazito kwenye ukope siku hiyo. Weka praima au konsila inayofanana na ngozi yako, kidogo sana, kiasi cha punje ya mchele kwa macho yote mawili. Hapa wengi huharibu, wanadhani nyingi ndiyo itashika, kumbe nyingi ndiyo inayoteleza. Isambaze kwa kidole cha pete, subiri dakika moja, kisha ibonyeze kwa unga mwembamba wa rangi ya ngozi. Sasa ukope umekauka na brashi itapita bila kukwama.

Chukua brashi yenye manyoya laini yaliyotawanyika, gusa rangi ya kuanzia, igonge kwenye ukingo ili ziada ianguke, kisha ipitishe kwenye mkunjo mbele na nyuma kama kifuta kioo cha gari. Shika mpini mbali na manyoya. Ukishika karibu utakandamiza. Ongeza kidogo kidogo. Rangi nzito zaidi huenda kwenye pembe ya nje peke yake, kwa brashi ndogo, nayo isivuke theluthi ya ukope. Halafu rudi na ile brashi ya kwanza, bila kuongeza rangi, uufute mstari kati ya hizo mbili.

Ya kumeremeta haipitishwi kwa brashi laini, maana itamwagika mashavuni. Ibonyeze kwa kidole. Joto la kidole hulainisha vishikizo na rangi hukamata. Ukiitaka izito kama shaba, loweka brashi bapa kwa tone la maji, ichovye, ibonyeze. Maji safi, si mate. Tumeona wapambaji wanaolamba brashi, na hatuhitaji kueleza zaidi. Wala usimwagie maji paleti nzima, sehemu ya juu itakuwa ngumu kama saruji na haitatoa rangi tena.

Ukitumia rangi nzito, paka macho kwanza, faundesheni baadaye. Vumbi lililoanguka chini ya jicho hufutwa kwa pamba na uso unaanza safi.

Taa za ukumbini, ninja na udhu

Usiku wa kupamba una mtihani wake. Bibi harusi hupambwa jioni kwenye chumba chenye taa nyeupe, halafu hukaa mbele ya taa kali za rangi na simu za wageni. Taa nyeupe za baridi huua wekundu na uchungwa, hivyo mpambaji anayefanya kazi chini yake huongeza rangi bila kujua, na ukumbini jicho linaonekana limepigwa. Dawa ni kiti karibu na dirisha kabla jua halijazama, au angalau taa ya manjano. Mweko wa kamera nao hupenda titani dioksaidi na ule unga mweupe wa silika wa kumalizia: huonekana vizuri kwa macho lakini kwenye picha huacha mabaka meupe chini ya macho. Pigeni picha ya majaribio yenye mweko kabla ya kuondoka, ni nusu dakika tu.

Kuna tabia ambayo inafaa kusemwa. Bibi harusi mweusi hupakwa faundesheni hatua mbili tatu juu ya ngozi yake, na ukiuliza unaambiwa ni ili macho yatoke. Haihitajiki. Macho hutoka kwa tofauti kati ya mkunjo uliokoza na ukope unaorudisha mwanga, na ngozi nyeusi hupokea tofauti hiyo vizuri ajabu, kwa sababu shaba inawaka juu yake kuliko juu ya ngozi nyingine yoyote. Kupandisha uso ni uamuzi wa mtu kuhusu weupe, na mama wa bibi harusi ana haki ya kuukataa kabla brashi haijaguswa. Picha hizo zitakaa ukutani miaka 30.

Kwa wanaovaa ninja, jicho ndilo linaloonekana na kitambaa kinalisugua kutwa nzima. Rangi isiyong'aa au ya hariri, iliyobonyezwa badala ya kufagiliwa, hukaa. Inayometa humwagika, na kwenye buibui jeusi kila chembe inaonekana kifuani kama unga wa mandazi. Kama inafaa kupamba jicho chini ya ninja au haifai, hilo tunawaachia wenyewe na majumba yao.

Suala la udhu nalo lina wenye elimu yake, muulize mwalimu wako. La kiufundi tunaloweza kusema ni hili: rangi ya unga mtupu hutoka kwa maji na kusugua, lakini praima za silikoni na rangi zilizoandikwa haziingii maji hutengeneza utando ambao maji peke yake hayautoi. Wapambaji wengi wenye busara humpanga bibi harusi baada ya Isha, au humwacha aswali kwanza ndipo wafunge kazi. Utando huo hutolewa kwa mafuta: pamba yenye mafuta mepesi ya kusafishia uso ikandamizwe juu ya jicho lililofumbwa, isubiriwe kidogo, ifutwe kuelekea chini. Kusugua ndiko kunakong'oa nywele za kope.

Jicho lenyewe

Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulienea Mombasa na miji mingine ya Pwani, baada ya kuonekana pia Tanzania. Ugonjwa wa namna hiyo hupita kwa mikono, taulo na chochote kinachogusa jicho moja kisha jingine. Sasa fikiria harusi yenye wasindikizaji wanane, paleti moja na brashi tatu. Mwenye jicho linalowasha hasemi, kwa sababu hataki kukosa kupambwa, na wiki ijayo nyumba nzima ina miwani meusi.

Mpambaji anayeijua kazi yake hukwangua krimu na kuiweka kwenye kisahani kabla ya kuitumia, huwa na brashi safi kwa kila mtu au huziosha kwa sabuni na kuzipitisha kwenye spiriti ya asilimia 70 na kuziacha zikauke, na maskara hutumia vijiti vya kutupwa. Muulize kabla hujalipa amana. Swali hilo halina utovu wa adabu. Nawe nyumbani, osha brashi mara moja kwa wiki kwa sabuni laini, uzilaze zikauke. Ukizisimamisha na maji, gundi ya ndani huoza.

Kwenye paleti tafuta alama ya kikopo kilichofunguliwa chenye nambari kama 12M au 24M: ni miezi unayoweza kuitumia tangu siku ya kuifungua. Maskara haizidi miezi mitatu. Rangi ya krimu hubadilika harufu haraka kwenye joto letu, hasa ikiachwa ndani ya gari. Tafuta pia alama ya ubora ya KEBS, au kibandiko cha ISM kwa bidhaa za kutoka nje. Penye alama ya ubora pana nambari ya kibali chini yake. Andika SM#, fuatisha nambari hiyo, tuma kwa 20023, na jina litakalorudi lilingane na lililo kwenye boksi. Kopi za majina makubwa ya Dubai na Marekani zimejaa, na dalili zake ni zilezile: tahajia iliyopinda, hakuna nambari ya toleo, hakuna orodha ya viambato. Hatari yake si maneno tu. Mwaka 2019 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilithibitisha kwamba rangi za macho kutoka duka linalouzia wasichana zilikuwa na asbesto, ambayo huchafua talki kutoka machimboni. Kama hilo lilipita kwenye soko lenye maabara za kutosha, paleti isiyo na jina la mtengenezaji haina wa kuidhamini.

Wenye kuuliza kuhusu wadudu: nyekundu na zambarau nyingine hupatikana kwa rangi ya kamini, inayotokana na mdudu, na huandikwa CI 75470. Orodha itakuonyesha.

Vimetameta visiwekwe kwenye ule ukingo wa ndani unaogusa jicho. Pale kuna vitundu vidogo vinavyotoa mafuta ya kulinda machozi yasikauke, na vikiziba jicho hukauka na kuwasha. Mwenye lenzi azivae kabla ya kujipamba na azitoe kabla ya kujisafisha. Zile lenzi za rangi zinazouzwa bila kupimwa macho, usizikubali hata zawadi.

Halafu wanja. Wamisri wa kale walipaka kijani cha malakiti na jiwe jeusi la galena, na galena ni madini ya risasi. Jiwe hilohilo limeendelea kusagwa Uarabuni, Bara Hindi na Afrika hadi leo, na huuzwa kama wanja wa manga, surma au kohl. FDA hairuhusu kohl kutumika kama rangi ya vipodozi Marekani kwa sababu hiyo hiyo ya risasi. Si kila wanja una risasi. Ule wa masizi na mafuta ni kaboni, na penseli nyingi za kisasa hutumia oksidi ya chuma. Shida ni kwamba vyote ni vyeusi, na jicho haliwezi kuvitofautisha. Maandishi ya kwamba haina risasi, kwenye kichupa kisicho na anwani, hayathibitishi chochote.

Mtu mzima anayejipaka anajiamulia. Mtoto mchanga haamui. Kumtia mtoto wanja kwenye macho na nyusi ni desturi ya majumba mengi hapa kwetu, ya mapenzi na ya kinga dhidi ya hasidi, lakini mtoto husugua jicho kisha hutia mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi, bila homa wala kilio cha kuwashtua wazazi. Bibi akisisitiza, mwambieni kwa heshima kwamba mtoto atawekwa alama nyuma ya sikio kwa masizi safi ya nyumbani, au asiwekwe kabisa. Na kama mtoto amekuwa akipakwa wanja wa jiwe kwa muda mrefu, mwelezeni daktari hivyo mkimpeleka kliniki, kwa sababu risasi hupimwa kwenye damu na hakuna atakayeagiza kipimo hicho asipoambiwa.

Jicho likiwasha, likivimba au likitoa tongo baada ya kupambwa, toa kila kitu, oshea maji safi, usipake tena hata kidogo, na usitie dawa ya macho iliyobaki kabatini, hasa zile zenye steroidi. Likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, ni la hospitali siku hiyohiyo. Penseli, maskara na krimu zilizogusa jicho hilo hutupwa, hata kama zilinunuliwa wiki iliyopita.